Florida State 2023: Matokeo ya Uwanjani na Utabiri wa Kamati

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, kamati ya watu 13 nchini Marekani ilitangaza timu nne za vyuo vikuu ambazo zingegombea ubingwa wa taifa wa mpira wa Kimarekani. Michigan iliwekwa ya kwanza, Washington ya pili, Texas ya tatu na Alabama ya nne. Nafasi ya tano, ambayo haina tiketi yoyote ya kugombea ubingwa, ilipewa Chuo Kikuu cha Florida State cha mjini Tallahassee. Timu hiyo ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda zote 13, na usiku uliotangulia ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi yake. Kabla ya hapo, katika miaka yote tisa ya mfumo ule wa timu nne, ulioanza msimu wa 2014, haikuwahi kutokea bingwa wa mojawapo ya ligi kubwa tano, tena asiyepoteza hata mechi moja, akaachwa nje. Kamati haikuficha sababu: kwotabeki wa timu hiyo, yaani kiongozi wa mashambulizi yake, alikuwa amevunjika mguu, na wajumbe waliona kwamba bila yeye timu haikuwa ile ya awali. Leo ninataka kuonyesha kwamba uamuzi ule ulikuwa wa makosa. Kosa lenyewe si la mapenzi ya wajumbe kwa timu hii au ile. Ni kosa la msingi kuhusu maana ya mashindano: waliweka utabiri wa mechi ambazo hazijachezwa juu ya matokeo ya mechi zilizokwisha kuchezwa.

Kwa faida ya wasiofuatilia mchezo huu, tuanze na namna unavyoendeshwa. Mwaka ule daraja la juu la mpira wa vyuo vikuu lilikuwa na timu 133. Kila timu hucheza mechi 12 hivi za kawaida kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Novemba, na walioongoza katika ligi zao hucheza mechi moja zaidi ya kugombea ubingwa wa ligi. Haiwezekani timu 133 zikutane zote, nyumbani na ugenini, kama zinavyofanya klabu za Ligi Kuu ya Tanzania au ya Kenya. Kwa hiyo hakuna msimamo mmoja wa pointi unaomaliza ubishi. Ndipo inapoingia kamati ya uteuzi, ambayo mwaka ule, kuanzia mwishoni mwa Oktoba, ilikutana kila wiki na kutoa orodha ya timu 25. Orodha ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikiamua timu nne za nusu fainali. Kamati basi ni jambo la lazima, na wala sina ugomvi na kuwepo kwake. Swali ni moja tu: ikae kama hakimu anayepima yaliyotendeka, au kama mtabiri anayekisia yatakayotokea?

Tutazame kwanza yaliyotendeka. Florida State haikufika pale kwa njia rahisi. Kocha Mike Norvell alipokabidhiwa timu, msimu wake wa kwanza wa 2020 ulimalizika kwa ushindi wa mechi tatu na vipigo sita. Uliofuata ukawa wa ushindi tano na vipigo saba. Msimu wa 2022 timu ikashinda mechi kumi, na mwaka 2023 ikaingia uwanjani ikiwa miongoni mwa zinazotazamwa. Tarehe 3 Septemba, mjini Orlando, ilikutana na LSU, timu iliyokuwa imepangwa ya tano nchini, ikaifunga pointi 45 kwa 24. Wiki tatu baadaye ilikwenda ugenini kwa Clemson, mpinzani aliyekuwa ameifunga mara saba mfululizo, ikashinda 31 kwa 24 katika muda wa nyongeza. Ikaendelea hivyo: Virginia Tech 39 kwa 17, Syracuse 41 kwa 3, Duke 38 kwa 20, Wake Forest 41 kwa 16, Pittsburgh 24 kwa 7, kisha watani wao wa jadi Miami 27 kwa 20. Kulikuwa na siku ngumu pia, kama ile ya Boston College iliyomalizika 31 kwa 29. Lakini msimu mzima haujengwi kwa siku nyepesi tu, na timu inayoshinda hata siku inapocheza vibaya ina sifa ambayo jedwali la takwimu halitaji.

Jumamosi ya tarehe 18 Novemba, katika mechi dhidi ya North Alabama, kwotabeki Jordan Travis aliumia vibaya mguu wa kushoto na msimu wake ukaishia hapo. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, na ndiye anayeamua autupe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Hakuna nafasi nzito kuliko hiyo katika mchezo huu, na hakuna anayedai kwamba kumpoteza Travis kulikuwa jambo dogo. Mechi ile iliisha 58 kwa 13. Wiki iliyofuata timu ilikwenda Gainesville kwa mahasimu wao Florida, ikiwa na kwotabeki wa akiba Tate Rodemaker. Ikatanguliwa pointi 12 bila kitu, ikajikusanya, na mkimbiaji Trey Benson akaibeba hadi ushindi wa 24 kwa 15. Katika mechi hiyo Rodemaker naye alipata mtikisiko wa ubongo, hivyo fainali ya ligi dhidi ya Louisville, mjini Charlotte tarehe 2 Desemba, ikaanzwa na Brock Glenn, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kijana huyo alipata yadi 55 tu kwa pasi. Pamoja na hayo safu ya ulinzi iliibana Louisville, timu iliyokuwa imeshinda mechi kumi, isipate zaidi ya pointi sita. Florida State ikashinda 16 kwa 6. Kwa maneno mengine, timu ilimpoteza mchezaji wake mkuu, ikampoteza na wa pili, na bado ikashinda.

Haki inatutaka tuieleze hoja ya kamati kwa ukamilifu. Kanuni zake zinaitaka ichague timu bora. Zinataja vigezo vya kuzingatia pale timu zinapokaribiana: ubingwa wa ligi, ugumu wa ratiba, matokeo ya timu zilipokutana zenyewe kwa zenyewe, na matokeo yao dhidi ya wapinzani wa pamoja. Halafu kuna kifungu kinachoruhusu kuangalia kukosekana kwa wachezaji au makocha muhimu, iwe kulikoathiri matokeo ya msimu au kunakoelekea kuathiri mechi za mtoano. Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, alieleza kwamba bila Travis timu ile ilikuwa na sura nyingine upande wa ushambuliaji. Wakati huohuo Alabama ilikuwa imefanya jambo kubwa. Siku ileile ya tarehe 2 Desemba iliifunga Georgia 27 kwa 24, na kukata mfululizo wa Georgia wa ushindi wa mechi 29. Ushindi huo ulikuwa miongoni mwa ushindi mzito kabisa wa mwaka ule. Kamati, basi, haikuvunja kanuni. Ilitumia kifungu kilichokuwepo, kwa uwazi, mbele ya taifa. Ndiyo maana lawama yangu inakwenda mbali zaidi ya wajumbe 13: inakwenda kwenye kifungu chenyewe na kwenye mawazo yanayokishikilia.

Ushahidi wa kwanza dhidi ya uamuzi ule unatoka kwenye kanuni zilezile. Kigezo cha wapinzani wa pamoja kilikuwa na jibu. Florida State na Alabama zote zilicheza na LSU, timu ya Jayden Daniels, aliyetunukiwa tuzo ya Heisman mwaka ule. Florida State iliifunga kwa tofauti ya pointi 21 kwenye uwanja usio wa nyumbani wala ugenini. Alabama iliifunga kwa tofauti ya pointi 14 kwenye uwanja wake yenyewe. Kigezo cha ubingwa wa ligi kilikuwa sawa kwa wote wawili. Kigezo cha kushinda na kupoteza kilisema wazi: Alabama ilikuwa imefungwa na Texas 34 kwa 24, tena nyumbani, na Florida State haikuwa imefungwa na yeyote. Na kama ni suala la kucheza vibaya, Alabama nayo ilikuwa na siku zake. Ilipata shida mbele ya South Florida kabla ya kushinda 17 kwa 3, na dhidi ya Auburn iliokolewa na pasi ndefu ya pointi sekunde 32 kabla ya mwisho. Udhaifu wa Alabama ulisamehewa kwa sababu ilishinda. Udhaifu wa Florida State uliandikwa kwa wino mzito ingawa nayo ilishinda.

Ushahidi wa pili ni ukigeugeu wa wiki moja. Tarehe 28 Novemba, siku kumi baada ya Travis kuumia, kamati ileile iliiweka Florida State katika nafasi ya nne na Alabama katika nafasi ya nane. Wajumbe walikuwa wanajua kuhusu mguu wa Travis, na walikuwa wameshaiona timu bila yeye kule Gainesville. Baada ya hapo Florida State ikacheza mechi moja, ikashinda, ikatwaa ubingwa, ikashuka. Siku hiyohiyo Georgia, iliyokuwa ya kwanza, ilipoteza mechi moja tu kwa pointi tatu, ikaporomoka hadi ya sita. Angalia jinsi mizani mbili zilivyotumika katika chumba kimoja. Kwa Georgia, matokeo yalikuwa kila kitu. Hakuna aliyesema kwamba bado ni timu hatari kuliko nyingine yoyote na ingeweza kushinda nusu fainali, ingawa wengi waliamini hivyo. Ilifungwa, ikalipa. Kwa Florida State matokeo hayakutosha, na utabiri ukachukua nafasi yake. Timu moja iliambiwa, tunakuhukumu kwa ulichofanya; nyingine ikaambiwa, tunakuhukumu kwa tunachodhani utafanya. Mizani inayobadilika kulingana na nani amepanda juu yake haiwezi kuitwa haki.

Ushahidi wa tatu unatoka katika historia ya mfumo huohuo. Msimu wa kwanza kabisa, 2014, Ohio State ilimpoteza kwotabeki wake Braxton Miller kabla msimu haujaanza. Akaja J.T. Barrett, naye akavunjika kifundo cha mguu katika mechi dhidi ya Michigan. Wa tatu, Cardale Jones, akaanza kwa mara ya kwanza katika fainali ya ligi na kuishinda Wisconsin 59 bila kitu. Kamati ikaipa Ohio State nafasi ya nne. Kwotabeki huyo wa tatu akaifunga Alabama 42 kwa 35, kisha Oregon 42 kwa 20, na Ohio State ikawa bingwa wa taifa. Msimu huohuo Florida State yenyewe iliingia katika nne bora ikiwa haijafungwa, ingawa wengi walilalamika kwamba ilikuwa ikishinda kwa taabu. Ikafungwa na Oregon 59 kwa 20. Hakuna aliyesema baadaye kwamba ilistahili kunyimwa nafasi. Iliipata kwa haki na ikaipoteza kwa haki. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwaka 2014 Florida State ilipewa nafasi ya kushindwa uwanjani, na mwaka 2023 ikanyimwa hata hiyo.

Kuna atakayenijibu kwamba Jones wa Ohio State alishinda 59 bila kitu, na Glenn wa Florida State alipata yadi 55 tu, hivyo kamati ilikuwa na sababu ya kuwatofautisha. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau mambo mawili. La kwanza, nusu fainali zilikuwa tarehe 1 Januari 2024, yaani siku 30 baada ya mechi ya Louisville. Rodemaker, aliyeongoza ushindi wa Gainesville, alikuwa na mwezi mzima wa kupona, na Glenn alikuwa na mwezi mzima wa kujifua. Kuitabiri mechi ya Januari kwa kutazama usiku mmoja wa Desemba wa kijana wa akiba namba mbili ni kukisia juu ya kukisia. La pili, timu ya chuo wakati ule ilikuwa na hadi wachezaji 85 waliosoma kwa ufadhili wa mpira, na ulinzi ni nusu ya mchezo. Jared Verse na Braden Fiske, waliokuwa wakimsumbua kila kwotabeki aliyesimama mbele yao, waliendelea hadi ligi ya kulipwa, na Verse akatajwa mchezaji chipukizi bora wa ulinzi wa msimu wa 2024. Wachezaji 10 wa kikosi kile walichaguliwa na timu za kulipwa mwezi Aprili 2024. Kuwaambia watu hao wote kwamba thamani yao ilikwenda na mguu wa mwenzao mmoja ni kuukana mchezo wa timu.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kazi ya kamati haikuwa kuzawadia timu zilizostahili, ilikuwa kuchagua timu bora, na mambo hayo mawili yanaweza kutofautiana. Nakubali kwamba yanaweza kutofautiana katika mawazo yetu. Lakini katika mashindano tuna njia gani ya kumjua aliye bora, isipokuwa kumpambanisha? Tungekuwa tunajua aliye bora kwa kutazama tu, tusingehitaji uwanja, refa wala saa. Tungekaa mezani mwezi Agosti, tukapiga kura, tukagawa vikombe. Mashindano yapo kwa sababu macho yetu hutudanganya. Fikiria klabu ya hapa kwetu iliyomaliza ligi ikiwa bingwa na kupata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mshambuliaji wake nyota akavunjika mguu katika mechi ya mwisho. Hakuna anayeiandikia CAF kwamba tiketi hiyo apewe mshindi wa pili kwa kuwa ana kikosi kizima. Wazo lenyewe lingetushangaza, kwa sababu tunaelewa bila kufundishwa kwamba tiketi ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa. Kama klabu itatolewa raundi ya kwanza, itatolewa na mpinzani, si na kikao.

Wapo wanaoamini kwamba mjadala ulikatwa tarehe 30 Desemba 2023, pale Georgia ilipoifunga Florida State 63 kwa 3 katika Orange Bowl, mojawapo ya mechi za mwaliko za mwisho wa msimu, tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya mechi za aina hiyo. Wanasema: mmeona sasa, timu haikuwa na kiwango. Hoja hii inageuza tokeo kuwa sababu. Zaidi ya wachezaji 20 wa Florida State hawakucheza siku ile. Verse hakuwepo, Benson hakuwepo, mpokeaji pasi Keon Coleman hakuwepo, Rodemaker hakuwepo. Walijitoa kwa sababu mechi ile haikuwa na ubingwa ndani yake, na mchezaji anayesubiri ajira ya kulipwa hahatarishi mwili wake kwa mechi isiyo na kikombe anachokitaka. Wachezaji wa Alabama na Michigan walicheza kwa sababu walikuwa na cha kugombea. Huwezi kumnyang'anya mtu sababu ya kupigana, kisha ukatumia kutopigana kwake kuwa ushahidi kwamba hakustahili kupigana. Kilichopigwa 63 kwa 3 kilikuwa mabaki ya kikosi, na mabaki hayo yalitokana na uamuzi wa kamati yenyewe.

Tukija kwenye uamuzi mbadala, lazima niseme waziwazi nani alipaswa kubaki nje, maana ni rahisi kuitetea timu moja bila kutaja timu inayoipisha. Nafasi ya nne ilikuwa ya Florida State, na Alabama ndiyo iliyopaswa kukosa. Ndiyo, ilikuwa bingwa wa SEC, ligi inayohesabiwa kuwa ngumu kuliko zote, na kuiacha nje kungekuwa uchungu wa kweli. Lakini uchungu huo ungekuwa na maelezo ambayo mchezaji yeyote wa Alabama angeyaelewa: mlifungwa nyumbani na Texas tarehe 9 Septemba, na wenzenu hawakufungwa na mtu. Mchezaji wa Florida State aliyeuliza kwa nini ameachwa hakuwa na maelezo ya aina hiyo. Hakuna mechi aliyoweza kuionyesha na kusema, pale ndipo tulipokosea. Kuhusu ugumu wa ligi, kigezo hicho ni halali pale timu inapokwepa wapinzani wazito. Florida State haikuwakwepa. Mbili kati ya mechi zake za nje ya ligi yake zilikuwa dhidi ya timu za SEC hiyohiyo, LSU na Florida, na ilizishinda zote mbili. Isitoshe, mashaka kuhusu ligi yana mpaka wake. Mwaka 2017 timu ya Chuo Kikuu cha Central Florida, UCF, kutoka ligi ndogo, ilimaliza bila kufungwa na ikaachwa nje kwa hoja hiyo ya ratiba. Kisha ikaifunga Auburn 34 kwa 27, Auburn ileile iliyokuwa imezishinda Alabama na Georgia, zilizokutana katika fainali ya mwaka huo. Matokeo yana tabia ya kuyaaibisha makadirio.

Kuna madhara mengine ya kuhukumu kwa utabiri, nayo ni kwamba utabiri haukaguliki. Matokeo ya mechi yamo kwenye ubao, kila mtu anayaona, na shabiki wa Tallahassee na wa Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, wanayasoma kwa namna moja. Lakini makadirio yamo kichwani mwa mjumbe. Hakuna ushahidi kwamba wajumbe wale walihongwa au walishinikizwa na kituo cha televisheni au ligi fulani, na sitaki kumtuhumu mtu. Hata hivyo, mtu mwaminifu kabisa akitoa uamuzi usiokaguliwa, anawaachia wengine pengo la kujazwa na tetesi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Florida alifungua uchunguzi, na gavana akatangaza kutenga dola milioni 1 katika bajeti yake kwa ajili ya kesi. Kabla ya mwezi huo kwisha, chuo na ligi yake ya ACC walikuwa wakishtakiana mahakamani kuhusu mkataba unaokifunga chuo ndani ya ligi hiyo. Ugomvi kuhusu fedha za televisheni ulikuwepo tangu awali, lakini uamuzi ule ulitia petroli, na kesi hazikumalizwa hadi Machi 2025. Chombo kinachotoa haki kinahitaji kuaminiwa, na imani hujengwa juu ya mambo ambayo hata aliyeshindwa anaweza kuyahesabu mwenyewe.

Gharama ya yote haya ililipwa na vijana. Mwaka 2023 vyuo havikuwa vikiwalipa wachezaji mishahara. Malipo yao makuu yalikuwa ufadhili wa masomo, mikataba ya matangazo kwa wachache wanaojulikana, na nafasi ya kugombea ubingwa. Nafasi hiyo hairudi. Msimu wa 2024, baada ya kikosi kile kutawanyika, Florida State ilishinda mechi mbili na kupoteza kumi. Jordan Travis, baada ya kusikia uamuzi wa kamati, aliandika hadharani kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi msimu ule, ili watu waone kwamba timu ilikuwa zaidi ya kwotabeki wake. Alichaguliwa na New York Jets, lakini mguu haukupona ipasavyo, na mwezi Aprili 2025 akatangaza kuuacha mchezo. Tafakari kanuni inayomfanya kijana aliyeumia akiitumikia timu yake ajione kuwa mzigo kwa wenzake, na kujuta kwamba hakuumia siku inayofaa zaidi. Kanuni ya namna hiyo imepotoka, hata kama iliandikwa kwa nia njema.

Itasemwa kwamba yote haya ni historia, kwa kuwa kuanzia msimu wa 2024 mashindano yalipanuliwa hadi timu 12, na mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu zaidi wakapewa nafasi ya kuingia moja kwa moja. Ni kweli kwamba mageuzi haya ni hatua njema, na yameshatoa ushahidi wa upande wangu. Mwaka huo wa kwanza Ohio State ilikuwa imepoteza mechi mbili, ikapangwa ya sita, hivyo kwa mfumo wa zamani isingeingia kabisa. Ilipopewa uwanja iliwafunga Tennessee, Oregon, Texas na Notre Dame mfululizo, na tarehe 20 Januari 2025 ikawa bingwa. Kikao kingekuwa na neno la mwisho, bingwa huyo angebaki nyumbani akitazama televisheni. Lakini kupanua mlango hakuondoi kosa la msingi, kwa sababu nafasi saba zilizobaki bado zinagawiwa na kamati, na upangaji wa nani akutane na nani ni wake pia. Kila penye nafasi ya mwisho patakuwa na timu mbili, moja yenye matokeo na nyingine yenye mvuto, na kishawishi cha kutabiri kitarudi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na linatekelezeka. Kifungu cha majeruhi kigawanywe. Sehemu yake ya kwanza, inayoangalia nyuma, ibaki: kama timu ilifungwa siku ambayo mchezaji wake mkuu hakuwepo, na sasa amerudi, ni busara kulipima tokeo hilo kwa kuzingatia hali halisi. Hapo kamati inafafanua jambo lililotokea. Sehemu ya pili, inayoangalia mbele na kuipunguzia timu hadhi kwa mechi ambazo haijacheza, ifutwe. Popote duniani penye kamati inayochagua nani ashindane, iwe ni vyuo vya Marekani au timu ya wilaya yoyote, kanuni iwe kwamba ushindi uliopatikana kihalali haupunguzwi na hofu ya mtu mwingine kuhusu kesho. Huenda Florida State ingefungwa na Michigan tarehe 1 Januari 2024. Alabama yenyewe ilifungwa siku hiyo, 27 kwa 20 katika muda wa nyongeza. Kufungwa kungekuwa jibu halali. Wachezaji walioshinda mechi 13 kati ya 13 walikuwa wameshalipa gharama ya kuulizwa swali hilo uwanjani, na hakuna kikao kilichokuwa na haki ya kulijibu kwa niaba yao.